Watazamaji 312, oda sifuri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nashona mikoba ya turubai yenye mikanda ya ngozi. Nimeuza kwa picha mtandaoni miaka minne sasa na nina wafuasi 6,400. Tangu mwaka jana mambo yamelala. Naposti, napata laiki arobaini au hamsini, wawili watatu wanaandika "mzuri jamani", halafu kimya. Rafiki yangu anayeuza vipodozi akaniambia picha zimepitwa na wakati, wateja wote siku hizi wako laivu. Nikajibana, nikanunua taa ya duara na stendi ya simu, nikaanza.

Leo ni wiki ya saba. Naingia laivu karibu kila usiku, watoto wakishalala. Siku nyingine saa tatu, siku nyingine saa nne na nusu, inategemea kazi za nyumbani zimeisha saa ngapi. Watazamaji wangu ni wanane, kumi, wakizidi sana kumi na watano, na kati yao wapo shemeji zangu na wauzaji wenzangu wanaokuja kuchungulia. Nasema "karibuni, ngoja kwanza watu waingie", nangoja, hawaingii. Naongea peke yangu mpaka sauti inakauka.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja kunitembelea. Tukafungulia muziki, tukacheza, tukapiga soga za maisha, namba ikapanda mpaka 312. Nilitetemeka kwa furaha, nikajua sasa nimetoboa. Tulipozima simu sikuwa na oda hata moja. Kesho yake nikarudi na mikoba yangu, nikawakuta tisa.

Kuna jambo jingine linaniuma. Usiku mmoja nilikuwa nimechoka, dada mmoja akaniuliza bei ya mkoba, nikamwambia njoo inboksi. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Nikamjibu kwamba kama hana hela asinisumbue. Aliondoka, na sijamwona tena. Bei siitaji hadharani kwa sababu wale wenzangu wakiisikia watauza chini yangu.

Sasa kuna mtu amenitumia ujumbe, anasema nikimlipa ataniletea watazamaji elfu moja kila laivu. Mume wangu naye anasema bando linaloteketea ni kubwa kuliko faida, na kwamba nina deni la usingizi. Ninunue hao watu? Nirudi kucheza muziki na mdogo wangu? Au niachane na laivu kabisa?

Ni mimi, Mama Mikoba

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimegota pale kwa yule dada aliyeuliza bei mara tatu. Tuanzie kwake, maana ndiye aliyekuwa mteja wako usiku ule.

Hakuna anayeuliza bei mara tatu ya kitu asichokitaka. Mpita njia huuliza mara moja akaendelea na safari. Huyu alikuwa ameshaupenda mkoba, pengine ameshajiona ameuning'iniza begani, kilichobaki ni hesabu yake ya ndani: ninayo au sina, nichukue leo au nisubiri mwisho wa mwezi. Hesabu hiyo ulimnyima, kisha ukamvunjia heshima mbele za watu. Na wale wengine waliokuwa kimya walikuwa na swali hilohilo mdomoni, wakalimeza.

Mtafute leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu ukaenda kufikiria taa na stendi. Mwandikie kwamba ulikosea, mwombe radhi, mtajie bei, usimbembeleze anunue. Na katika laivu yako ijayo sema waziwazi kwamba kuna siku ulimjibu mteja vibaya na hutarudia, bila kumtaja jina. Haya mambo hayana mkubwa wala mdogo. Yuko muuzaji wa Uchina anayeitwa Li Jiaqi, ambaye mwaka 2018 aliuza rangi za mdomo 15,000 ndani ya dakika tano akiwa mubashara. Septemba 2023 mtazamaji alimwambia kwamba penseli ya nyusi aliyokuwa akiinadi imekuwa ghali. Yeye akamjibu kwa kumtaka ajiulize kama anajituma kazini kiasi cha kuongezewa mshahara. Ndani ya siku chache alikuwa amepoteza wafuasi zaidi ya milioni moja, na alirudi mbele ya kamera akiomba radhi kwa machozi. Swali lilikuwa la bei, kama lile la yule dada wa kwenye laivu yako.

Bei itaje, mwanangu. Itamke kwa mdomo, iandike kwenye karatasi kwa kalamu nene na uisimamishe mbele ya mkoba, tena ibandike kama komenti ya juu kabisa. Najua "njoo inboksi" imekuwa kama salamu yetu wauzaji, lakini kwenye laivu inakuumiza kuliko kwenye picha. Unapomtuma mteja inboksi unamtoa mlangoni kwa mkono wako mwenyewe. Anafunga laivu, anaandika, anangoja, na wewe huwezi kumjibu kwa sababu simu yako ndiyo inayorusha matangazo. Utakapomjibu usiku wa manane, ile hamu imeshapoa. Kuhusu wenzako wanaochungulia, bei yako wanaijua zamani. Anayeitaka humtuma binamu yake aulize inboksi kama mteja. Unachowaficha wao wanakipata, unaowanyima ni wanunuzi.

Kuna jambo la ndani zaidi hapo, na ndilo nililotaka kukuandikia tangu mwanzo. Laivu inaipita picha kwa kitu kimoja tu: mtu akiwa na shaka anauliza, na jibu analiona kwa macho yake muda uleule. Zipu inafunguka vizuri? Unaifungua. Laptopu inaingia? Unaiingiza. Na ukimjibu mmoja umewajibu wote waliokaa kimya kwa aibu. Ukiondoa maswali na majibu, laivu yako ni video ndefu yenye picha mbaya. Kwa hiyo kila unachokifanya usiku ule kipime hivi: kinawafanya watu waulize kuhusu mkoba, au kinawafanya waangalie kitu kingine?

Ndiyo maana wale 312 hawakununua. Walikuja kwa ajili ya dansi na soga, wakapata dansi na soga, wakashukuru, wakaondoka. Hawakukudanganya. Hukuwauzia chochote.

Uuzaji huu una historia ndefu kuliko simu zetu. Mwaka 1977 kituo kidogo cha redio huko Florida, Marekani, kilikuwa kinamdai mfanyabiashara aliyetangaza bidhaa zake hapo na ambaye hakuwa na fedha. Akalipa deni kwa vifungua makopo 112 vya umeme. Mtangazaji wa zamu, Bob Circosta, akaambiwa avinadi hewani, akaviuza vyote. Kutokana na tukio hilo ikazaliwa Home Shopping Network, stesheni ya kuuza bidhaa, iliyoanza kwenye televisheni ya kebo ya eneo lile mwaka 1982 na kuenea Marekani nzima mwaka 1985. Taobao, soko la mtandaoni la Uchina, lilipoanza laivu zake mwaka 2016 lilipita njia ileile: bidhaa mkononi, bei wazi, namna ya kuagiza, idadi iliyobaki. Watu wale wa redio hawakuwa hata na picha, walikuwa na maelezo na simu ya kupiga.

Sasa, sikuambii uwe mkavu kama msomaji wa matangazo ya vifo. Watu hukaa mahali ambapo kuna kitu wanakingojea. Tarehe 8 Aprili 2016 wafanyakazi wawili wa BuzzFeed, tovuti ya habari na burudani ya Marekani, walikaa laivu Facebook wakilivisha tikiti maji mipira ya kufungia, mmoja baada ya mwingine, mpaka lipasuke. Ilichukua kama dakika arobaini na tano, na kuelekea mwisho watu zaidi ya 800,000 walikuwa wanatazama kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekuwa na haja na lile tikiti. Walitaka kujua litapasuka lini. Hiyo hamu ya kungoja unaweza kuiamsha kwa mkoba wako mwenyewe, na hapo wewe una bahati ambayo mwuza vipodozi hana: unashona kwa mikono yako.

Shona laivu. Anza na kitambaa kilichokatwa, waambie leo tunamaliza huu mbele yenu na wa kwanza kusema nauchukua ni wake. Waonyeshe unavyorudia mshono kwenye mpini, kwa nini unatumia uzi ule na si huu, mahali ambapo mikoba ya rahisi huanza kuachia. Siku nyingine pakia mkoba vitabu vizito mpaka mtu atie huruma, uuning'inize kwenye msumari, uendelee na mazungumzo yako huku unaning'inia pale nyuma kwa saa nzima. Siku nyingine umwagie maji, uufute, ufungue ndani watu waone kama vitu vimelowa. (Jaribu kwanza faraghani, tafadhali. Kama maji yanapita, sema yanapita, na uuze mkoba kwa sifa zake nyingine.) Mtazamaji anayesubiri kuona mpini kama utakatika anajifunza ubora wa mshono wako bila wewe kujisifu, na maswali yatakuja yenyewe.

Mdogo wako nampenda, lakini nampa kazi nyingine. Akae nyuma ya simu, ashike simu ya pili. Asome komenti kwa sauti, abandike bei kila mkoba unapobadilika, amwondoe anayetukana kabla hujamwona, na aandike oda kwenye daftari. Hili la oda nalisema kwa uchungu. Mimi nilipokuwa nauza viatu kwa laivu nilikuwa peke yangu, nikapokea oda nyingine kwenye komenti na nyingine inboksi, jozi moja nikawauzia watu wawili. Mmoja alikuwa ameshalipa na ameshamwambia mwanawe. Nilimrudishia fedha yake siku ileile, lakini imani haikurudi. Kwa hiyo upe kila mkoba namba inayoonekana kwenye kamera. Anayetaka aandike namba na neno "nachukua", wa kwanza kuandika ndiye mwenye nao, na mweleze hadharani ana muda gani wa kulipia kabla haujarudi mezani. Namba ya malipo itaje kwa mdomo wako, tena mara kwa mara, maana wapo matapeli wanaofungua akaunti yenye jina na picha yako, wakawaandikia wateja wako wakati wewe uko bize hewani. Waambie: atakayewaandikia kwa namba nyingine si mimi.

Kila usiku uache. Hapo mumeo ana haki, na kwa bando pia ana haki. Picha ya kiwango cha kati, ile ya 720, ikirushwa kwa kasi ya megabiti tatu kwa sekunde, saa moja inakula kama gigabaiti 1.35. Zidisha kwa siku sita au saba za wiki na utaelewa kelele zake. Ingia mara moja au mbili kwa wiki, siku ileile, saa ileile, na saa hiyo isiamuliwe na vyombo vya jikoni. Fungua takwimu za akaunti yako, zitakuonyesha wafuasi wako huwa mtandaoni saa ngapi. Inawezekana kabisa wakati wewe unawasha taa wao wameshazima zao. Siku moja kabla, posti picha ya mkoba mmoja tu na useme utaushona au utaujaribu saa ngapi. Posti tena saa chache kabla. Mtu hawezi kuhudhuria mahali ambapo hakualikwa, na wewe umekuwa ukitokea ghafla kwa saa zisizofanana wiki saba mfululizo.

Ukianza, anza. Ile "ngoja kwanza watu waingie" iondoe kinywani mwako leo. Aliyewahi unamwadhibu kwa kuwahi, na atakayetazama marudio kesho atakutana kwanza na dakika kumi za wewe kungoja. Sekunde ya kwanza mkoba uwe mkononi na bei iwe imetajwa. Watu watakuwa wanaingia na kutoka muda wote, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi hivi rudia kwa kifupi: mimi ni nani, huu ni mkoba gani, bei yake, namna ya kuagiza. Wewe utaona unajirudia, aliyeingia sasa hivi anasikia kwa mara ya kwanza. Na ukiuliza swali usikate tamaa kwa ukimya. Picha yako inawafikia ikiwa imechelewa kwa sekunde kadhaa, nao wanahitaji muda wa kuandika. Endelea kushona, jibu litafika.

Kwenye vifaa sitakawia. Taa uliyonunua inatosha. Sauti ndiyo watu hawaivumilii ikiwa mbaya, kwa hiyo tumia spika ya masikioni yenye maiki karibu na mdomo, si maiki ya simu iliyo mbali kwenye stendi. Pima kasi ya intaneti yako ya kupandisha, ile inayotuma picha yako, maana ile ya kushusha inaweza kuwa nzuri na bado picha ikakwama. Zuia simu zinazoingia, shemeji akipiga katikati matangazo yanaweza kukatika. Na muziki wa watu ukiuweka, mifumo ya hakimiliki inaweza kuzima sauti au kukata laivu nzima. Hiyo nayo ni sababu ya kuuacha.

Wale watazamaji elfu moja wa kununua, hapana. Nyingi ni akaunti za mashine, haziulizi bei, hazibebi mkoba. Majukwaa makubwa yanakataza ushiriki wa kununuliwa na unaweza kupoteza akaunti uliyoilea miaka minne. Kisha fikiria mgeni wa kweli anaingia, anaona namba 1,000 juu na komenti hakuna hata moja. Atajua. Fedha hiyo nunua uzi.

Laivu ikiisha, kazi bado ipo. Ipakue. Facebook tangu Februari 2025 huhifadhi marudio ya laivu mpya kwa siku 30 tu, kisha huyafuta, na watu wengi hugundua wamechelewa. Ukiwa nayo, ikate vipande vifupi: kila swali zuri na jibu lake ni video moja ya kuposti katikati ya wiki. Anayeuliza swali hilohilo inboksi mtumie kipande. Na walionunua waombe ruhusa uhifadhi namba zao pembeni, kwenye daftari au simu yako, nje ya jukwaa lolote. Nimeona milango mingi ikifungwa. Periscope, programu ya simu iliyowafundisha wengi kurusha mubashara kwa simu mwaka 2015, ilifungwa mwaka 2021. Facebook iliondoa huduma yake ya kuuza ndani ya laivu Oktoba 2022, Instagram ikafuata Machi 2023. Kuingia laivu kwenyewe kulibaki, lakini waliokuwa wametegemea vitufe vile vya kununulia walianza upya.

Umeuliza kama uachane nayo. Jipe laivu nane za namna hii, mara mbili kwa wiki, mwezi mmoja. Kila ukizima simu andika mambo matatu: maswali mangapi yalihusu mkoba, oda ngapi zimelipiwa, bando kiasi gani. Idadi ya watazamaji usiiandike. Maswali yakiongezeka na oda hazijaja, tatizo liko kwenye bei au kwenye njia ya kulipa, na hilo linarekebishika. Maswali yenyewe yasipoongezeka baada ya nane, basi rudi kwenye picha bila aibu, na zile video fupi za kushona uendelee nazo, maana hazikunyimi usingizi. Kabla ya kuamua, mpe mumeo lile daftari alisome naye.